Korosho, roboti na tezi ya baba: jibu kwa binti wa Newala

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, ni mkulima wa korosho huku Newala. Alisumbuliwa na mkojo usiku, tukamteremsha Mtwara mjini, kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuangalia tezi dume, kikaja 14.2. Mwezi wa pili wakachukua vinyama 12, vinne vimeonekana na saratani, imeandikwa Gleason 3+4=7, yaani alama ya ukali wa saratani. Ameambiwa achague kutolewa tezi yote au kupigwa mionzi. Mjomba aliyeko Dar anasema mambo ya kuchanwa yamepitwa na wakati, kuna upasuaji wa matundu kwa roboti huko India na mtu anatoka kesho yake. Jirani yetu naye alikwanguliwa tezi kupitia njia ya mkojo, hana hata kovu, anasema baba afanye kama yeye. Baba ana presha na aliwahi kupasuliwa busha. Ameshaanza kuzungumza na watu wa kangomba, wale wanaonunua kwa kopo nje ya mnada, wachukue korosho za msimu ujao tupate nauli. Je, hayo matundu ni bora kweli? Na je, atawahi kupuliza salfa kwenye mikorosho?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni kwa kuuguza. Nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, maana lina haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Hao watu wa kangomba waambieni warudi na kopo lao walikotoka. Korosho ambazo hazijatoa hata ua zikishauzwa kwa bei ya njaa, mnada wa Oktoba utawakuta ninyi mnaangalia wenzenu wakilipwa. Na mpaka sasa hakuna anayejua kama baba anahitaji roboti, au mionzi, au kwanza vipimo vya picha ambavyo sijaviona kwenye maelezo yako. Ugonjwa wa 3+4 si wa kukimbizana nao usiku. Mna wiki za kutosha, hata miezi miwili mitatu, za kupima na kuamua mkiwa mmekaa chini.

Sasa jirani yenu. Simlaumu, kila mtu humsifu aliyemponya. Ila alichofanyiwa yeye na anachohitaji baba ni kazi mbili tofauti kwenye kiungo kimoja. Kliniki huwa nawaeleza wazee kwa nazi. Tezi dume iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Ina nyama ya katikati, karibu na mrija, na nyama ya pembeni, inayogusa ganda. Tezi inayokua kwa umri tu, bila saratani, hunenepa pale katikati, ikaubana mrija, mkojo ukawa wa matone. Daktari anaingiza chombo chenye kamera kupitia uume na kuikwangua kipande kwa kipande kutoka ndani, kama mama anavyokuna nazi kwenye mbuzi: nyama inatoka, kifuu kinabaki. Kovu halionekani kwa sababu ngozi haikuguswa. Kwa ugonjwa ule ni tiba nzuri sana.

Saratani nyingi, kama saba katika kila kumi, huanzia ile nyama ya pembeni iliyoshikamana na kifuu. Ukune mpaka mkono uchoke, utaacha pale penye ugonjwa. Mzee mwenye saratani anaweza kukwanguliwa ili mkojo upite, hasa ukiwa umeziba kabisa, lakini aambiwe waziwazi kwamba amefunguliwa njia tu. Nimepokea wazee waliokaa miaka miwili wakijihesabu wamepona kwa sababu mkojo unatoka vizuri, na majibu ya vile vinyama vilivyokwanguliwa yamekunjwa ndani ya daftari la kliniki, hakuna aliyewasomea. Mmoja alilifunua mbele yangu. Karatasi ilikuwa imepauka kwenye mikunjo, neno la saratani liko mstari wa tatu.

Baba yako akipasuliwa, nazi itatoka nzima na kifuu chake, pamoja na vifuko vya manii vilivyo nyuma yake, mara nyingi na tezi za limfu za ndani ya nyonga. Kisha kibofu kinashushwa na kuunganishwa upya na mrija wa mkojo. Kazi ni hiyo hiyo, iwe kwa mchano wa kawaida chini ya kitovu, kwa matundu, au kwa roboti. Mjomba anaposema kuchanwa kumepitwa na wakati, anazungumzia mlango wa kuingilia. Ndani ya nyumba wote wanafanya kazi moja.

Mlango wenyewe uko hivi. Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi, meza inainamishwa kichwa chini miguu juu ili matumbo yasogee. Tumbo linajazwa hewa ya kaboni daioksidi likawa kama ngoma, kisha yanatobolewa matundu matano au sita, kila moja kati ya nusu sentimita na sentimita moja na kidogo. Kwenye tundu la kitovuni inapita kamera, kwingine vinapita vyombo virefu vyembamba. Tezi ikishaachanishwa inatiwa kwenye kifuko na kuvutwa nje kupitia tundu moja lililopanuliwa. Hapo huwa natabasamu kidogo mtu akiniambia "hakuna kuchanwa", kwa sababu tezi ya gramu 40 au 50 haitoki kwenye tundu la nusu sentimita. Mgonjwa huishia na mshono wa sentimita tatu hadi tano, na vidoti vingine vinne au vitano.

Sehemu ngumu ni kuunga kibofu na mrija. Chukua kibuyu chenye mdomo mwembamba, weka kitambaa ndani, pitisha vijiti viwili virefu mdomoni, kisha jaribu kushona kifungo kwenye kitambaa hicho huku unatazama kwenye televisheni. Ndivyo ilivyo kushona kwa matundu bila roboti. Mkono ukienda kulia, ncha ya chombo inakwenda kushoto, na ncha yenyewe haikunjiki kama kifundo cha mkono. Marekani walianza kuondoa tezi kwa njia hii mwaka 1991, na baada ya wagonjwa tisa wakasema haina faida ya kutosha juu ya upasuaji wa kawaida. Wafaransa ndio walioifufua, pale Paris mwaka 1998, wakaonyesha kwamba timu ikiizoea inawezekana. Miaka miwili baadaye, mwaka 2000, ikafanyika kwa roboti kule Frankfurt, Ujerumani, na Detroit nchini Marekani ikageuzwa kuwa kazi ya kila siku.

Kuhusu roboti, watu wengi hudhani ni mashine inayopasua yenyewe wakati daktari ananywa chai. Daktari anakaa kwenye kiti pembeni ya chumba, macho kwenye kioo kinachokuza picha kama mara 10 na kuionyesha kwa kina, vidole ndani ya vishikizo. Anachofanya yeye, mikono ya mashine inakifanya ndani ya tumbo, tena kwa vifundo vinavyojikunja kuliko vya mtu na bila kutetemeka. Kile kifungo ndani ya kibuyu kinashoneka. Lakini asiyejua kushona, roboti haimfundishi pa kukata.

Swali lako, je ni bora? Mwaka 2016 madaktari wa Brisbane, Australia, walitoa matokeo ya wanaume 326 waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu roboti, nusu mchano wa kawaida. Damu iliyopotea ilikuwa wastani wa kama mililita 440 kwa roboti na zaidi kidogo ya 1,300 kwa mchano. Kulala hospitali, siku moja na nusu dhidi ya tatu na ushee. Mpaka hapo mjomba ana haki. Ila walipopimwa kwenye mambo yanayomkaa mwanaume moyoni, yaani kushika mkojo na nguvu za kiume, makundi yote mawili yalilingana kwenye wiki ya 12, na yakalingana tena baada ya miaka miwili. Kuokoa damu si jambo dogo, hasa kwetu ambako ndugu hukusanywa kuchangia chupa. Lakini mtu asikuuzie roboti kwa ahadi ya mkojo na unyumba.

Kinachobadilisha matokeo kuliko aina ya mlango ni mkono. Kuna takwimu zilizochapishwa mwaka 2007 za wagonjwa zaidi ya 7,000 waliochanwa kawaida. Daktari aliyekuwa ameshafanya upasuaji huo mara 10 tu, saratani ilirudi ndani ya miaka mitano kwa wagonjwa karibu 18 katika 100. Aliyefika 250, ikarudi kwa karibu 11. Miaka miwili baadaye ikatoka hesabu kama hiyo ya matundu bila roboti: wa 10 alikuwa na 17 katika 100, wa 250 alikuwa bado na 16, na ilimpasa daktari afikie 750 ndipo ikashuka hadi 9. Utaona matundu yanachelewa kumfundisha mtu. Kwa hiyo mimi, tezi ingekuwa yangu, ningemchagua fundi wa mchano wa kawaida mwenye mamia ya kazi nyuma yake, nikamwacha mwenye matundu anayejifunza. Wapo wenzangu wasiokubaliana nami katika hili. Ila wengi wao ndio hao wanaojifunza.

Ukifika mbele ya daktari wa upasuaji, awe wa Dar, Moshi au Chennai kule India, usiulize "mna roboti?" Muulize ameshatoa tezi nzima zenye saratani mara ngapi kwa njia anayokupendekezea, na ngapi ni za mwaka huu. Muulize katika wagonjwa wake wangapi bado wanavaa pedi baada ya mwaka, ni kwa kiasi gani kingo za tezi hurudi na saratani kutoka maabara, na ni mara ngapi alianza kwa matundu akalazimika kuchana. Fundi wa kweli hakasiriki. Hapa nchini upasuaji wa matundu umekuwa jambo la kawaida kwa nyongo, kwa kizazi, hata kwa figo, na ukisikia hospitali inajitangaza kwa matundu, mara nyingi ni kwa kazi hizo. Tezi dume yenye saratani iulizie kwa jina lake. Daktari aliyetoa nyongo 500 kwa matundu bado ni mgeni ndani ya nyonga.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya swali moja: saratani bado iko ndani ya kifuu? PSA kati ya 10 na 20 na Gleason 3+4 vinamweka baba kwenye kundi la hatari ya kati, upande wa juu. Wengi wa kundi hili ugonjwa wao haujatoka, lakini si wa kudhaniwa. Anahitaji picha za nyonga, MRI ikipatikana, na picha ya mifupa. CT inapatikana hapa Mtwara. Kipimo cha mifupa cha dawa ya nyuklia kiko Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na kwa kuwa mtakwenda huko kuuliza habari za mionzi, safari ni moja. Waliowahi kufunga safari mbili wanajua, kilomita zaidi ya 550 si za kurudia kwa karatasi.

Nakumbuka mzee mmoja wa bara ya Lindi, watoto wake walikuwa wameshachangishana kwa ajili ya matundu ng'ambo, tiketi imebaki kulipiwa. Alikaa mbele yangu akijishika kiuno. Nikamwambia ageuke, nikapita na ngumi nikimgonga uti wa mgongo kwa upole, pingili kwa pingili, kutoka shingoni. Nilipofika juu kidogo ya mkanda wa suruali aliruka. Wenyewe walisema ni mgongo wa jembe. Picha ikaonyesha saratani imeshaingia mifupani. Ugonjwa ukifika huko, kutoa tezi hakuponyi, iwe kwa matundu matano au kwa tundu moja. Dawa yake ni kuukata chakula, yaani homoni ya kiume, kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa kutoa kokwa, tiba iliyoanza mwaka 1941 kule Marekani na ambayo bado inawarudisha wazee shambani. Yule mzee alitembea tena bila fimbo. Zile hela zikamsomeshea mjukuu.

Kwa hiyo muulizeni baba kuhusu mgongo na nyonga, na msikubali jibu la "uzee tu". Na akianza kuhisi miguu mizito, ganzi kuanzia kiunoni kushuka, au mkojo na choo vinagoma kwa ghafla, hapo ndipo haraka ilipo. Siku hiyo hiyo hospitali, maana mshipa wa fahamu ukibanwa kwa siku kadhaa miguu hairudi.

Tuseme picha zimekuja safi. Presha peke yake haimzuii kupasuliwa, ila iwe imetulia, na aseme dawa anazotumia. Aspirini na dawa nyingine za kuyeyusha damu zina utaratibu wa kusimamishwa, asiziache wala asizimeze kwa kubahatisha. Kule kuinamishwa kichwa chini kwa saa tatu au zaidi, tumbo limejaa hewa, kunaubebesha moyo na mapafu kazi, na kunapandisha presha ya macho. Kama moyo wake umetanuka, au ana presha ya macho, daktari wa nusu kaputi anaweza kusema bora mchano wa kawaida. Msimwone ana roho mbaya. Busha halina neno: lilipasuliwa kwenye mfuko wa kokwa, halikuingia tumboni. Ingekuwa ngiri iliyowekewa wavu, ningetaka daktari ajue mapema, kwa sababu makovu ya wavu huwa yananata palepale tunapopita. Tena mwacheni apumzike wiki sita mpaka nane tangu vinyama vilipochukuliwa, damu iliyovilia nyuma ya tezi inyonywe.

Baada ya upasuaji atakuwa na mpira wa mkojo kwa wiki moja hadi mbili, unaolinda ile mishono. Mpira huu si kama ule wa kuzibuliwa mkojo. Ukichomoka siku ya tatu, muuguzi wa zahanati asijaribu kuurudisha kwa nguvu, anaweza kutoboa palipounganishwa. Na hii "kutoka kesho yake" ya mjomba inamhusu mtu anayekaa nusu saa kutoka hospitali. Baba atoke wodini, sawa, lakini akae Dar kwa ndugu mpaka mpira utolewe. Kukaa kitini saa tisa kumi ndani ya basi na mshono mbichi kunagandisha damu miguuni, na masika ya 2024 wengi mnakumbuka barabara ilivyokatika Somanga, watu wakalala njiani. Wakati wa kurudi ashuke Kibiti, ashuke Nangurukuru, atembee dakika kumi, anywe maji. Maumivu ya bega siku mbili za kwanza yasiwatishe, ni ile hewa iliyobaki tumboni inakwaruza kiwambo.

Siku mpira unapotolewa ndipo wazee wengi wanaponikasirikia. Mtu anasimama, mkojo unamshuka mguuni bila hodi. Kwa wiki za kwanza karibu kila mmoja huvuja, akikohoa, akiinuka, akicheka. Tezi ilikuwa inasaidia kushika mlango na sasa haipo, msuli uliobaki unajifunza kazi peke yake. Mwanzoni pampasi, baadaye pedi, na wengi ndani ya mwaka wanarudi kwenye ukavu. Wachache hawarudi, na hilo mlijue kabla. Mazoezi aanze sasa, kabla ya kupasuliwa: abane msuli kama anayezuia upepo usitoke mbele za wakwe, ahesabu mpaka kumi, aachie, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Hahitaji mkeka wala kocha.

Kama baba ni mtu wa msikiti, hili la kuvuja litamuuma kuliko mshono, na hatakwambia wewe. Nimewaona wazee waliokuwa wa safu ya mbele wakajifungia ndani miezi minne kwa kudhani swala zao hazifai tena. Masheikh wana hukumu ya mwenye udhuru wa mkojo: hujisafisha, hujifunga vizuri, hutia udhu kila kipindi cha swala kikiingia, na kuswali. Amwendee sheikh wake mapema amsikie kwa mdomo wake, mimi ni wa tezi tu.

Lililobaki ni zito kwa binti kulizungumza na baba yake, kwa hiyo mwachieni mjomba, au mtani wake anayejua kulisema kwa kicheko. Na mama yako awepo, nasisitiza, kwa sababu ni la wote wawili. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita imeambaa kwenye kifuu cha tezi, kulia na kushoto. Mwaka 1982 daktari Patrick Walsh wa Baltimore alionyesha jinsi ya kuibandua na kuiacha salama, na tangu hapo upasuaji huu ukaacha kuwa hukumu ya moja kwa moja. Ila saratani ikiwa imeegemea upande ule, daktari mwaminifu ataukata mshipa ili asiache ugonjwa. Hata ukibaki, unalala kwa miezi mingi, na kuamka kunaweza kuchukua hadi miaka miwili. Aliyekuwa imara kabla ana nafasi kubwa kuliko aliyekuwa anasuasua. Vidonge husaidia wengi, ila asichanganye na dawa za moyo za jamii ya nitrati. Manii hayatatoka tena kabisa, ingawa raha yenyewe hubaki. Mzee akiambiwa haya kabla, huyabeba. Akiyagundua peke yake usiku, hulala na neno "nimehasiwa", na ndoa inapata ufa ambao hakuna kisu kilichoukata.

Mionzi msiifanye mtoto wa kambo. Kwa ugonjwa wa kundi la baba, mionzi pamoja na sindano za homoni kwa miezi minne hadi sita ni tiba kamili inayoshindana na upasuaji uso kwa uso. Uingereza waliwagawanya wanaume 1,643 kwa kura: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa kwa karibu. Baada ya miaka 15, matokeo yakatoka 2023, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa chini ya watatu katika 100, na makundi matatu hayakupishana kwa maana. Wengi wao walikuwa na ugonjwa mwepesi kuliko wa baba, kwa hiyo sisemi akae afuatiliwe tu. Ninachosema, kwenda Ocean Road, lile jengo la Wajerumani kando ya bahari, siyo kwenda kufa, kama wanavyonong'ona vijiweni. Mashine za kisasa za mionzi zipo pale tangu 2018. Anakwenda Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki nne, au saba hadi nane kutegemea mpango, kila siku dakika chache, bila kulazwa. Gharama yake kubwa kwenu itakuwa mahali pa kulala Dar. Nayo ina yake: kuharisha, kukojoa kwa moto, wengine damu kwenye choo hata miaka baadaye, nguvu zinapungua taratibu badala ya kuzimika siku moja. Tofauti moja ya kupima: baada ya upasuaji, PSA ikianza kupanda, mionzi bado inaweza kupigwa. Baada ya mionzi, kurudi kutoa tezi ni kazi ngumu yenye madhara mengi, na ni wachache wanaoithubutu.

Kwa mwanaume wa miaka 63, mwenye presha iliyotulia na picha safi, naegemea upasuaji, kwa mkono uliozoea, ulio karibu. Bima au mfuko mnaochangia ukilipia matundu kwa fundi wa kweli, chukueni, kupoteza damu kidogo ni neema. India niiweke mwisho, si kwa ubaya wa madaktari wao, wapo hodari sana. Hesabu ya India huishia kwenye karatasi ya hospitali na kusahau msindikizaji, chumba cha wiki tatu, chakula, na kwamba mvujo, homa au mshono uliobana utatokea Newala, mbele ya daktari ambaye hakuwepo. PSA itapimwa wiki ya sita hadi ya nane, iwe chini ya 0.1, kisha kila miezi kadhaa kwa miaka. Kazi hiyo yote ni ya huku.

Baba zako wadogo, na kaka zako wakifika 45, wapime PSA. Mwenye baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, hatari yake inafika mara mbili au zaidi.

Nije kwenye kupuliza. Vinyama vilichukuliwa mwezi wa pili, picha mwezi huu wa tatu, upasuaji ukiangukia nusu ya pili ya Aprili, wiki sita zinamfikisha mwanzoni mwa Juni, salfa ndiyo inaanza. Atakuwa anatembea shambani na kuelekeza. Bomba la mgongoni likijaa ni mzigo wa kumtoa mtu ngiri kwenye lile tundu lililopanuliwa, kwa hiyo msimu huu alipwe kijana wa kupuliza, baba asimame upande upepo unakotoka na kumwonyesha mikorosho ipi ilikula ukungu mwaka jana. Yale majibu ya vinyama uniletee yenyewe, siyo picha ya simu, na ukurasa wa pili usisahau, huwa unaeleza saratani iko upande gani wa tezi.